Mgeni wa Saa Chache: Abiria wa Marikebu katika Mji wa Unguja

Kabla ya marikebu za moshi kuzishika njia za Bahari ya Hindi, mtu aliyeshuka pwani ya Unguja alishuka kwa miezi, wala hakuwa na hiari katika jambo hilo, kwa kuwa upepo wa kaskazi uliomleta kutoka Suri, Maskati, Kuwaiti au Kachi haukuweza kumrejesha alikotoka, ikambidi akae mpaka kaskazi iishe nguvu, kusi ianze kuvuma, na manahodha waafikiane kwamba wakati wa kung'oa nanga umewadia. Katika muda huo alikuwa mkaazi wa mji kwa kadiri yake: alifikia kwa jamaa au alipanga chumba katika mtaa wa Malindi, alikopa na kukopesha, aliswali katika msikiti uliokwisha kuuzoea uso wake, na baadhi yao, kama zinavyoshuhudia nasaba nyingi za pwani yetu, walioa. Hata katika msimu wa 1938 na 1939, Mwaustralia Alan Villiers alipoabiri jahazi la Kikuwaiti lililoitwa Bayan, lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, ada hiyo ilikuwa ingali hai. Jahazi halikuja Unguja kuutazama mji bali lilikuja kufanya tijara na kupumzika, kisha likaelekea delta ya Rufiji kutafuta boriti za mikoko, na hakuna aliyeona ajabu kwamba safari moja imemeza karibu mwaka mzima.

Mgeni ninayetaka kumweleza hapa ni wa namna nyingine kabisa. Huyu alishuka asubuhi na kupanda jioni, na siku yake ya pwani ilipimwa na karani wa meli.

Kuzaliwa kwake kuna tarehe zinazojulikana. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwezi wa Novemba 1869, na mwaka 1872, mwaka ule ule ambao tufani kubwa ya mwezi wa Aprili iliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzisukuma pwani marikebu zilizokuwamo bandarini, kampuni ya British India ilipata mkataba wa kuchukua barua kila mwezi baina ya Aden na Zanzibar. Baadaye wakaja Wajerumani na Deutsche Ost-Afrika Linie yao, iliyoasisiwa mwaka 1890 na kufanya makao yake Hamburg; wakaja Wafaransa wa Messageries Maritimes; na tangu 1922 Union-Castle ya Kiingereza ikaanzisha safari za kuizunguka Afrika yote, meli moja ikishuka kwa upande wa magharibi na nyingine kwa upande wa mashariki, zote zikianzia na kuishia Uingereza. Meli hizo hazikungoja pepo. Zilichongoja ni mizigo, maji na makaa, na kwa kuwa kuyapakia hayo yote kulihitaji saa kadhaa, na vumbi la makaa halikumwacha mtu aliyevaa nguo nyeupe akae sitahani kwa raha, abiria waliruhusiwa kushuka.

Kwa hiyo, nionavyo mimi, ni makosa kudhani kwamba mgeni wa saa chache alizaliwa na mapenzi ya kutalii. Wengi wa awali walikuwa maofisa wa serikali, wamisheni, walowezi, wake za watu wanaowafuata waume zao, wafanyabiashara wa Durban au Beira wanaorudi Ulaya kwa likizo. Mji wa Unguja haukuwa kituo cha safari zao, ulikuwa ni mahali pa kupitishia wakati huku winchi zikipandisha magunia ya karafuu na mbata. Starehe ilitanguliwa na shehena, na hata pale zilipoanza kuja meli zilizokodiwa na matajiri kwa ajili ya kuzunguka bahari na kustarehe tu, ziliikuta desturi imekwisha kupangwa na karani wa mizigo: zifike alfajiri, ziondoke magharibi.

Abiria aliyesimama sitahani akiukaribia mji aliona kwanza minazi, kisha mstari mweupe wa majumba, kisha Beit al-Ajaib iliyojengwa na mfalme Seyyid Barghash mwaka 1883 ikiyazidi yote kwa urefu. Na kama alifika baina ya 1896 na 1912, aliona pia kitu ambacho hakikutiwa katika matangazo ya kampuni yoyote: milingoti ya marikebu iliyosimama wima katikati ya maji, mbele ya jumba la mfalme, na marikebu yenyewe haionekani. Hiyo ilikuwa Glasgow, iliyoundwa Uingereza mwaka 1878 kwa amri ya Barghash, ikazamishwa kwa mizinga ya manowari za Kiingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ya vita vile ambavyo havikutimia hata saa moja. Kwa miaka kumi na sita maiti ya chombo hicho ilibaki bandarini, na wapiga picha wa mjini, Wagoa wa nyumba ya A. C. Gomes na wenzao, waliipiga picha tena na tena, kwa kuwa waliona kwamba kila mgeni anaiulizia. Mfalme aliyeshindwa, yaani Seyyid Khalid, alikuwa ameshapelekwa Dar es Salaam kwa hifadhi ya Wajerumani. Milingoti ya marikebu ikawa ndiyo habari ya kwanza ya mji, na abiria aliipata kabla hajatia mguu mchangani.

Kutia mguu kwenyewe hakukuwa jambo jepesi. Meli zilitia nanga mbali na pwani, na mara tu ngazi iliposhushwa mashua zilisongamana chini yake, wenyewe wakipiga kelele, kila mmoja akiisifu mashua yake na kuikashifu ya jirani. Maji yakiwa yamejaa, mashua ilifika karibu na ngazi za ukuta. Yakiwa yamepwa, na hasa siku za bamvua ambapo bahari hurudi nyuma ikaacha uwanja mpana wa mchanga na mwani, abiria aliinuliwa akabebwa na mchukuzi mpaka nchi kavu, mabwana wenye vyeo na mabibi wenye miavuli wakishikilia shingo za watu ambao hawakupata kuwaona kabla ya dakika ile. Katika vitabu vya safari vya zama hizo tukio hilo huandikwa kwa kicheko au kwa haya. Upande wa mchukuzi haukuandikwa, lakini kwake jambo hilo lilikuwa na hesabu yake: ni uzito gani, ni umbali gani, na bei iafikiwe kabla mtu hajainuliwa, maana akishateremshwa pakavu huwa mgumu wa kulipa.

Fauka ya hayo, wenye mashua walikuwa na elimu moja ambayo abiria hakuwa nayo, nayo ni ya saa. Meli ilihesabu siku tangu usiku wa manane, na mji ulihesabu tangu kuchwa kwa jua. Tangazo la ubaoni likisema abiria wote wawe melini saa tano, mpiga makasia alijua kwamba Mzungu anakusudia saa kumi na moja ya jioni, akafanya hesabu hiyo kimya kimya bila ya kumtaabisha mteja wake. Aliishi katika hesabu mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo maofisa wengi waliokaa Unguja miaka kumi hawakulizoea.

Kutoka pwani mgeni aliingia barabara iliyokuwa ikiitwa Main Road, na sasa Barabara ya Kenyatta. Hapo palikuwa na soko lake maalumu: maduka ya Wahindi na Wasinhala kutoka Ceylon yenye vito, pembe za ndovu, mpingo uliochongwa, misandali, hariri, jambia za Kiarabu na majagi ya shaba. Zaidi ya yote palikuwa na makasha, yale yaliyopigwa misumari ya shaba kwa mistari na nyota, yenye visanduku vya siri ndani, ambayo katika nyumba za London na Hamburg mpaka leo yanaitwa makasha ya Zanzibar. Ukweli ni kwamba mengi yao hayakutengenezwa Unguja. Yaliletwa kwa majahazi kutoka Surati, Bombay, pwani ya Malabari na bandari za Ghuba ya Uajemi, yakakaa majumbani mwetu kama mahari na akiba za mabibi, kisha yakauzwa. Sioni kwamba mnunuzi alidanganywa. Kasha lililovuka bahari kwa upepo wa kaskazi, likafungwa na kufunguliwa na vizazi viwili vya nyumba moja ya mtaa wa Shangani, lina haki ya kuitwa la Zanzibar kuliko vingi vilivyochongwa hapa jana kwa ajili ya meli ya kesho.

Mnunuzi asiyekuwa na pesa za kasha alinunua kadi. Picha za Gomes, za ndugu Coutinho na, tangu 1930, za Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, ziliuzwa zikiwa zimekwisha kuchagua mambo ya kutazamwa: mlango uliochongwa, kichochoro, mchukuzi wa maji, jumba la mfalme, milingoti ya Glasgow. Abiria aliandika maneno mawili matatu, akaenda posta, akabandika stempu yenye sura ya Seyyid Khalifa bin Harub au ile yenye picha ya jahazi, na kadi ikaondoka na meli ile ile aliyokuja nayo, hata ikatokea mara nyingine barua na mwandishi wake kusafiri pamoja mpaka Marseille. Kadi hizo, ambazo leo hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji, zimekuwa hazina kwa mtu anayetafuta sura ya mji wa zamani, lakini zina upungufu mmoja mkubwa: zinaonyesha masafa ya kutembea kwa miguu kutoka forodhani, na kidogo sana cha Ng'ambo, ambako wengi wa watu wa mji walikuwa wakiishi.

Kulikuwa na njia moja ya kutoka katika duara hilo, nayo ni gari la moshi la Bububu. Wengi wa vijana wa leo hawaamini kwamba Unguja iliwahi kuwa na reli, na si ajabu, kwa kuwa alama zake ni chache. Ila ilikuwapo, imejengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ya New York, ikaanza kazi mwaka 1905, urefu wake kama maili saba kutoka karibu na Ngome Kongwe mpaka kijiji cha Bububu. Ilipita katika njia nyembamba za mji karibu mno na nyumba za watu, ikitoa moshi na cheche, kisha ikafuata pwani ya kaskazini, ikayaacha magofu ya Maruhubi, jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899, ikapita Mtoni alikokaa Seyyid Said, na kufika mashambani. Wenyeji waliitumia kwa shughuli zao za kila siku, wakipanda na vikapu vyao vya nazi, matunda na kuku. Ila kampuni haikukawia kutambua kwamba meli zinapotia nanga kuna watu wenye pesa na saa chache, ikatenga behewa la daraja la kwanza kwa ajili yao, likafungwa nyuma ya gari la kawaida. Mgeni akapelekwa Bububu, akashuka kwa kama nusu saa, akaiona mikarafuu na minazi, akarudishwa mjini kabla ya king'ora cha meli.

Nusu saa hiyo naipenda kuifikiri. Karafuu ndiyo iliyoujenga mji wote ule wa mawe, ndiyo iliyowaleta watumwa kwa maelfu katika mashamba ya Waarabu, ndiyo iliyokuwa ikipakiwa wakati ule ule katika tumbo la meli iliyomleta mgeni. Na hapo Bububu, kama ulikuwa msimu wa kuchuma, mgeni aliweza kuiona ikianikwa juani na kuinusa, kisha akapiga darubini yake begani, akapanda behewa lake. Katika gari lile lile, mabehewa machache mbele, alikuwamo mwanamke wa shamba aliyekuwa akienda mjini kuuza mazao yake, na wote wawili walifika Ngomeni kwa wakati mmoja. Serikali iliinunua reli mwaka 1911, na mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, kwa kuwa barabara nzuri za lami na motokaa zilikuwa zimekwisha kuwashinda wenye behewa. Lakini reli haikufa siku hiyo. Kwa miaka kadhaa iliendelea kuchukua mawe ya kujazia bahari na kujengea bandari mpya, na bandari hiyo ilipokamilika, ikawa baadhi ya meli zaweza kufunga gatini na abiria wake kuteremka kwa miguu yao wenyewe, wachukuzi wa mgongoni na wenye mashua walipungukiwa na riziki. Reli iliyowatembeza wageni ilimaliza umri wake kwa kuwaondolea kazi wale waliowabeba.

Baada ya hapo siku ya pwani ikawa ya motokaa. Dereva alijua mzunguko wake: Mnazi Mmoja, kisha jumba la makumbusho la Beit al-Amani, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu na kuchorwa na John Sinclair, kisha Mkunazini, kisha shamba, na pengine magofu ya Dunga, makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa. Mkunazini ndipo mahali ambapo kiongozi wa wageni alionyesha ustadi wake. Hapo lilikuwapo soko la watumwa mpaka lilipofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka huo huo Waingereza wa misheni wakaweka jiwe la msingi la kanisa ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia mpaka likaisha. Kiongozi alimwonyesha mgeni madhabahu, akamwambia kuwa hapo ndipo palipokuwa na mti wa kuchapia. Akamwonyesha msalaba uliochongwa kwa mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake huko Chitambo. Kisha, ili machozi yasizidi, akampeleka upande wa mlango kumwonyesha nguzo zilizosimamishwa juu chini na mafundi siku ambazo Askofu hakuwapo. Kilio, kisha kicheko, kisha nje juani: huo ni utungo uliopangwa na mtu ajuaye kazi yake, na hata mwanahistoria mwenye kuona dosari katika baadhi ya hadithi za viongozi hao hana budi kukiri kwamba wao ndio waliohifadhi soko lile katika vichwa vya watu, wakati wengi wa wenye nyumba kubwa za mjini walipendelea lisitajwe.

Sasa, jambo linalosahauliwa ni kwamba watu wa Unguja nao walikuwa abiria. Mwaka 1875 Seyyid Barghash alisafiri kwenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, akazungushwa viwandani, bandarini na katika majumba ya michezo kwa haraka ile ile ambayo baadaye ilimzungusha Mzungu Mkunazini, kisha akapita Paris na Misri akarudi kwake. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said aliyefuatana naye, zikapigwa chapa. Amur bin Nasur, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika miaka ya 1890, aliandika habari zake mwenyewe, na katika kurasa hizo Ulaya ndiyo iliyosimama pwani ikitazamwa. Barghash aliyaleta nyumbani aliyoyaona: akayavuta maji ya Chemchem mpaka mjini, akaanzisha marikebu zake mwenyewe za kwenda Bombay, akajenga Beit al-Ajaib yenye taa za umeme. Ni wachache kati ya abiria wa Union-Castle waliozitumia saa zao chache za pwani kwa faida kama hiyo.

Na kuna yule ambaye hakuwa mgeni wala mwenyeji. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza Highflyer na kuolewa Aden na mfanyabiashara wa Hamburg, alirudi mwezi wa Agosti 1885 katika marikebu ya Kijerumani iliyoitwa Adler, pamoja na manowari zilizokuja kumtisha kaka yake Barghash. Kaka alikataa kumwona. Mjini, hata hivyo, watu walimwamkia njiani kwa lugha ambayo watoto wake waliofuatana naye hawakuijua. Yeye ndiye abiria pekee ninayemjua katika karne hiyo ambaye hakuhitaji kuonyeshwa kitu.

Tukifika miaka ya 1950 sitaha zilikuwa zimejaa. Kampuni ya British India ilileta meli mbili mpya, Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya 1952, katika njia ya London na Afrika ya Mashariki, na katika njia ya Bombay na Durban zilikuwapo Karanja na Kampala. Hizi za Bombay zilichukua watu wa vyumba wachache na watu wa sitaha wengi, yaani familia za Kihindi zilizolala juu ya mikeka yao wenyewe baina ya masanduku na mitungi ya achari. Hao pia walishuka Unguja kwa saa chache, na idadi yao ilizidi sana ya wenye darubini. Hawakukodi motokaa ya kwenda Bububu, wala hawakuuliza bei ya makasha ambayo baadhi ya bibi zao walikuja nayo. Walipokewa gatini na jamaa waliokuwa wakiwangoja tangu asubuhi, wakapelekwa kwenye nyumba ya ibada, kisha kwenye sakafu iliyotandikwa, wakala, wakatoa barua na vitambaa, wakaulizana ni nani amezaliwa na nani amekufa Porbandar au Jamnagar, wakarudi melini na vikapu vya maembe. Hakuna kitabu cha safari kilichowaandika, kwa sababu wao hawakuwa wakiandika vitabu, na waliokuwa wakiandika waliwapita ngazini wakiharakia upepo wa sitaha ya juu.

Ndege ndiyo iliyoikata kamba, ingawa haikuikata peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa wenye maduka ya Main Road walihama, na jamaa wa kupokea wageni wa sitaha wakapungua. Kufungwa kwa Suez mwaka 1967 kukairefusha njia ya Ulaya kwa maelfu ya maili, Kenya ikavunjwa mwaka 1969, Uganda ikageuzwa kuwa meli ya kuwatembeza wanafunzi, na Karanja ikaacha njia yake mwaka 1976. Zilipokuja tena meli kubwa za starehe, zenye watu wengi kuliko mji ulivyozoea kuwapokea kwa siku moja, zilishusha wageni wao kwa motaboti na kuwaambia wawe wamerudi kabla ya magharibi; na vijana waliowangojea gatini, ambao hawakupata kuiona hata reli moja ya Bububu, waliwapeleka Mkunazini, wakaanzia kwenye madhabahu, wakamalizia kwa nguzo.